Majina Yaliyo Nyuma ya Kitabu: Wanawake na Uandishi wa Elimu Kilimanjaro

Sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi ni sura ambayo wengi wetu huiruka. Ukifika hapo umekwisha kusoma habari za neema, za imani na za upendo, na kilichobaki ni orodha ya salamu: nisalimieni huyu, nisalimieni yule. Ni nadra kusikia mahubiri juu yake. Lakini orodha hiyo inafaa kusomwa polepole. Paulo anaanza na Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, ambaye wataalamu wengi wanaamini ndiye aliyeubeba waraka wenyewe mpaka Rumi. Anamtaja Priska kabla ya mumewe Akila. Anawataja Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi, na kila mmoja anashuhudiwa kwamba amefanya kazi. Hata Tertio, aliyeshika kalamu wakati Paulo akisema, anaachiwa nafasi atoe salamu kwa jina lake mwenyewe.

Katika aya ya 7 yumo Yunia. Paulo anamtaja pamoja na Androniko na kusema kwamba ni mashuhuri miongoni mwa mitume. Yohana Krisostomo, mhubiri mkubwa wa karne ya 4, alimsifu Yunia kama mwanamke aliyestahili kuitwa mtume. Baadaye wasomi wakaanza kusita: mwanamke angewezaje kuitwa mtume? Basi wakamfanya mwanamume, wakamwita Yunias, ingawa jina hilo la kiume halijapatikana popote katika maandishi ya kale ya Warumi. Kwa Kigiriki, katika umbo la neno lililotumika hapo, tofauti ya majina hayo mawili ni alama ndogo ya mkazo juu ya herufi. Mwaka 1927 toleo la Agano Jipya la Kigiriki la Nestle, ambalo wanafunzi na watafsiri wengi duniani walilitegemea, liliweka alama ya kiume. Mwaka 1977 msomi mwanamke, Bernadette Brooten, aliandika makala fupi akaonyesha kosa hilo. Alama ilirudishwa kuwa ya kike mwaka 1998. Kwa miaka 71, katika kitabu cha kitaalamu kilichoheshimiwa kuliko vyote vya aina yake, mwanamke wa Biblia alikuwa amefutwa kwa alama moja ya kalamu.

Waliofanya hivyo hawakuwa watu waovu. Walikuwa wasomi makini na wengi wao wacha Mungu. Walikuwa na dhana tu kuhusu nani anaweza kuwa nani, na dhana ile ikaingia kiwandani pamoja na karatasi na wino. Ninaanza na Yunia kwa sababu habari za mlima wetu zinafanana na habari zake. Katika insha hii nataka tutazame vitabu vilivyoandikwa juu ya Kilimanjaro kwa miaka zaidi ya 130, na kuuliza swali moja: wanawake wako wapi ndani yake, na majina yao yako wapi juu yake?

Msafiri aliyefungiwa mlango

Mwaka 1891, miaka miwili kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Machame, mwanamke Mmarekani aitwaye May French-Sheldon alisafiri kutoka pwani mpaka Kilimanjaro akiongoza msafara wake mwenyewe. Alilizunguka ziwa Chala, lililo chini ya mlima upande wa mashariki, na mwaka 1892 akatoa kitabu cha safari hiyo. Mwaka huohuo Shirika la Kifalme la Jiografia la London liliamua kwa mara ya kwanza kupokea wanawake kuwa wanachama, naye akawa mmoja wa wale wa kwanza.

Shirika hilo halikuwa klabu ya mapumziko tu. Ndilo lililokuwa na jarida, ramani na jukwaa la kusomea taarifa. Mtu ambaye si mwanachama aliweza kuuona mlima kwa macho yake na bado asihesabiwe kuwa anaujua. Wanaume wengi wa shirika walikasirika. Mwaka 1893 kura ikapigwa, na mlango ukafungwa. Wanawake 22 waliokwisha kuingia waliachwa, lakini hakuna mwingine aliyepokelewa mpaka mwaka 1913. Bwana Curzon, aliyekuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa mwaka 1893, ndiye aliyekuwa rais wa shirika mlango ulipofunguliwa tena. Watu hubadilika, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ilichukua miaka 20.

French-Sheldon alikuwa mgeni na mwenye fedha, na aliwatazama watu wetu kwa macho ya wakati wake. Simtaji ili tumsifu. Namtaja kwa sababu anatuonyesha kwamba mwanzoni kabisa mwa vitabu vya Kilimanjaro kulikuwa tayari na shauri la nani aruhusiwe kuandika. Ikiwa yeye alisumbuliwa mlangoni, mwanamke wa Kichagga aliyempa maji ya kunywa hakufikiriwa hata kidogo kuwa na jambo la kuandikwa kwa jina lake.

Vitabu vya misioni

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Sisi washarika wa milimani tunajua deni tulilo nalo kwao: shule, hospitali, Neno la Mungu kwa lugha ya nyumbani. Waliandika pia vitabu vya elimu. Johannes Raum alitoa sarufi ya Kichagga cha Moshi mwaka 1909. Bruno Gutmann, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kutumika Moshi ya Kale kwa miaka mingi, aliandika kuliko wote: kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, kisha majuzuu matatu ya mafundisho ya jadi kati ya 1932 na 1938. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilimpa udaktari wa heshima, wa teolojia na wa sheria. Gutmann aliheshimu ukoo, ujirani na rika, na aliandika mambo ambayo bila yeye yangepotea.

Hata hivyo, mambo mengi aliyoyaandika yeye na wenzake yalikuwa ya watu waliokwisha kuyashika akilini kwa vizazi vingi. Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kuhifadhi elimu. Moja ya hizo ni mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikiwa na fundisho lake. Mwalimu alishika fimbo, akapita alama kwa alama, na wanafunzi wakajifunza. Gutmann aliandika juu ya fimbo hizo kwa Kijerumani, na kwa njia hiyo elimu ya mlimani ikaingia maktaba za Ulaya ikiwa na jina lake kwenye jalada.

Wanaume wa Kichagga nao walionja dhuluma hii. Nathaniel Mtui, mwalimu wa misioni kutoka Marangu, aliandika madaftari ya historia ya mamangi mapema karne ya 20. Waandishi wa Ulaya waliyatumia, na leo wanahistoria wanamheshimu kama mwanahistoria wa kwanza wa Kichagga, lakini ni washarika wangapi wa Marangu wanaolijua jina lake? Angalau yeye alikuwa na daftari. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle naye alitoa kwa Kiswahili kitabu chake Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, akiwa Mchagga anayeeleza mambo ya Wachagga.

Kwa upande wa wanawake, nafasi ilikuwa finyu zaidi. Mwaka 1939 jarida kubwa la wanaanthropolojia la Marekani lilichapisha makala juu ya mafundisho ya jando la wasichana wa Kichagga. Mada ilikuwa wanawake, waliofundisha walikuwa wanawake, waliofundishwa walikuwa wasichana. Mwandishi alikuwa O. F. Raum, mtoto wa yule mmisionari Johannes Raum. Alikuwa mtafiti hodari, na kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya utoto wa Wachagga bado kinasomwa. Lakini fikiri: jambo la siri ya wanawake, lililolindwa na bibi zetu, liliwafikia wasomi wa dunia kwa sauti ya mwanamume, na hao mabibi waliolitunza hawakuwa na nafasi ya kusema kama limeelezwa sawasawa.

Kathleen Stahl na historia ya mamangi

Mwaka 1964 kilitoka kitabu kinachotajwa mpaka leo kila historia ya Wachagga inapozungumzwa. Mwandishi wake alikuwa mwanamke, Kathleen Stahl. Aliufuata mlima uchifu baada ya uchifu, akawasikiliza wazee, akayasoma madaftari ya Mtui. Mwaka uliofuata jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa toleo la Kilimanjaro, namba 64, naye akaandika humo muhtasari wa historia hiyo. Baadaye akaja Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sheria za mila Kilimanjaro, kutoka 1880 mpaka 1980, kinaonyesha jinsi kile tunachokiita mila kilivyobadilika kila kizazi, hasa katika mambo ya kihamba.

Basi mtu atasema: tatizo limekwisha, wanawake wanaandika. Sehemu moja ni kweli. Lakini tazama vizuri. Historia iliyokuwa mkononi kwa Stahl ilikuwa hasa ya mamangi, vita vyao na mapatano yao, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyasimulia wazee wanaume. Mwanamke kushika kalamu hakutoshi ikiwa wanaoulizwa ni wanaume peke yao. Tena wanawake walioandika walitoka mbali. Binti wa Kibosho, wa Mwika au wa Rombo alikuwa bado yuko upande wa kuulizwa, hajawa upande wa kuuliza.

Kutoka Ashira

Mabadiliko makubwa yalianza mahali ambapo kanisa letu lilikuwa limepanda mbegu. Mwaka 1952 mwalimu kijana kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alifika kufundisha katika chuo cha walimu wanawake Ashira, Marangu. Alikuja kufundisha, lakini kwa maisha yake yote alikuwa mtu wa kujifunza. Baadaye alifanya utafiti pwani, kwa Wazaramo, akapata udaktari Uppsala mwaka 1970, kisha akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1975 yeye na wenzake wawili, Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla, walitoa taarifa kupitia ofisi ya chuo hicho iliyoshughulikia rasilimali na mipango ya ardhi. Ilihusu utapiamlo wa watoto katika wilaya ya Moshi. Swali lilikuwa zito. Hapa ni mahali penye kahawa, shule, hospitali na makanisa kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwa nini watoto wanadhoofu kwa kukosa chakula? Jibu rahisi lililozoeleka lilikuwa kwamba mama hajui lishe, kwa hiyo afundishwe. Watafiti hawa walikwenda kwa akina mama na kuwasikiliza. Walichotafuta kimo katika kichwa cha taarifa yenyewe: sababu za kijamii na za kiuchumi. Kihamba kimegawanywa mpaka kimekuwa kidogo. Kahawa inauzwa kwa jina la mume, na fedha zake ni zake. Mama ana ndizi, maharagwe na maziwa kidogo, ana majani ya kukata kwa ajili ya ng'ombe, ana kuni, ana maji, na mchana una saa zilezile.

Ona tofauti iliyoletwa na kuuliza kwa namna nyingine. Lawama iliyokuwa juu ya mama mmoja mmoja ilihamia kwenye utaratibu wa nyumba, wa ardhi na wa soko. Hii ndiyo faida ya kuwa na wanawake katika uandishi wa elimu. Mwanamke hana akili ya aina nyingine tofauti na ya mwanamume, lakini kila mtu huuliza maswali kutoka mahali aliposimama, na ikiwa wote wanaouliza wamesimama mahali pamoja, kuna upande wa mlima ambao hautaonekana kamwe. Swantz alijulikana duniani kwa kutetea utafiti shirikishi, yaani utafiti ambao wanakijiji ni wenzi wa kazi. Kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya wanawake na maendeleo Tanzania kiliuliza, katika kichwa chake, kama mwanamke amenyimwa nafasi yake ya kuumba na kubuni.

Mwaka 1989

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamejikusanya katika mradi wa utafiti na uhifadhi wa habari za wanawake. Walikutana, wakasomeana kazi zao, wakakosoana, wakachapisha wenyewe. Mwaka 1991 mradi huo ulitoa kitabu cha masimulizi ya maisha ya wanawake wa Tanzania, kikihaririwa na Magdalena Ngaiza na Bertha Koda. Waliosimulia walikuwa wanawake wa kawaida, na maisha yao ndiyo yaliyokuwa kitabu.

Lakini mwaka ninaoupenda zaidi katika historia hii ni 1989, kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza lilitokea Dar es Salaam. Elieshi Lema, mzaliwa wa Nronga, Machame, pamoja na Demere Kitunga, walianzisha kampuni ya uchapishaji, E&D. Nronga wengi tunaijua kwa maziwa, maana akina mama wa kijiji hicho walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988 na wakautunza. Ni jambo la kufurahisha kwamba kijiji kimoja kilitoa wanawake waliosema, tutauza maziwa yetu wenyewe, na mwanamke aliyesema, tutachapisha vitabu vyetu wenyewe. Mwaka 2001 Elieshi Lema alitoa riwaya yake Parched Earth. Uandishi wake unaheshimika, lakini kwa insha hii napenda tukumbuke kwamba alijenga pia mlango ambao wengine waliweza kupita. Mwenye kuchapisha ndiye anayeamua nini kinafaa kuwa kitabu.

Jambo la pili lilitokea Accra, Ghana. Wanawake wa Afrika waliosomea teolojia, wakiitwa na Mercy Amba Oduyoye, walikutana na kuunda umoja wao. Lengo lao lilikuwa wazi: watafiti, waandike na wachapishe. Waliona kwamba makanisa ya Afrika yamejaa wanawake Jumapili, lakini vitabu vya teolojia ya Afrika karibu vyote viliandikwa na wanaume. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Mlutheri mwenzetu kutoka Kenya, Musimbi Kanyoro, mtaalamu wa lugha na wa tafsiri ya Biblia, aliyesimamia dawati la wanawake katika Shirikisho la Kilutheri Duniani kule Geneva. Mwaka 1992 yeye na Oduyoye walihariri kitabu cha insha za wanawake hao. Hapa kwetu, KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji katika miaka hiyohiyo ya 1990. Mwaka 1998 Anneth Munga, mwanateolojia wa KKKT, alitoa kule Lund, Sweden, kitabu chake juu ya mahubiri ya Uamsho katika kanisa letu. Uamsho ambao bibi zetu waliuimba na kuulilia sasa ulikuwa umeelezwa kitaalamu na mwanamke wa kanisa hilohilo.

Kosa langu

Naomba niseme jambo langu mwenyewe, maana si haki kuhesabu makosa ya watu wa 1893 na kunyamaza juu ya yangu.

Nilipokuwa msichana wa sekondari, nikiwa nyumbani likizo, alikuja mtafiti mmoja kutoka nje akitaka kuzungumza na wazee. Nikaombwa nitafsiri. Bibi yangu alikaa kwenye kigoda chini ya mgomba akasimulia jinsi alivyobaki mjane kijana, na jinsi shemeji zake walivyokuja kupima kihamba siku chache baada ya maziko, na maneno aliyowaambia, na nani alisimama upande wake. Alisimulia kwa muda mrefu, kwa Kichagga kizuri chenye methali. Mimi nilikuwa na njaa na haya. Nikasema kwa Kiingereza changu cha shule: anasema ilikuwa vigumu.

Miaka mingi baadaye niliiona kazi ile imechapishwa. Bibi alikuwamo kama "mwanamke mzee", na sentensi yake ilikuwa moja tu, ileile. Kwa muda nilimlaumu mtafiti kwa kutoandika jina lake. Kisha nikaelewa kwamba sentensi ile haikuwa ya bibi hata kidogo. Ilikuwa yangu. Aliyemfupisha wa kwanza alikuwa mjukuu wake aliyekaa pembeni yake.

Kwa hiyo ninapoongea juu ya usawa katika uandishi wa elimu, siongei juu ya wazungu na wanaume peke yao. Kila mtu anayepokea maneno ya mwingine na kuyapitisha mbele, awe mtafiti, mkalimani, katibu wa kikao au mwinjilisti, ameshika amana.

Leo, hapa Moshi

Moshi ya leo ni mji wa vyuo. Kuna chuo kikuu cha ushirika, kuna cha Wakatoliki cha Mwenge, kuna chuo chetu kinachobeba jina la Askofu Stefano Moshi, na kuna KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 ambayo leo ina chuo kikuu cha tiba na taasisi ya utafiti. Makala za kisayansi zinazotoka hapa husomwa dunia nzima, na zipo zenye majina ya wanawake wetu. Profesa Blandina Mmbaga, daktari wa watoto, ameongoza taasisi hiyo ya utafiti. Profesa Sia Msuya ameandika kwa miaka mingi juu ya afya ya akina mama wa Moshi. Tangu mwaka 2000, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, KCMC imekuwa ikitunza daftari la uzazi: wakunga waliofunzwa huzungumza na mama baada ya kujifungua, na habari hizo huwasaidia wataalamu kuelewa kwa nini watoto wengine huzaliwa na uzito mdogo na kwa nini mama wengine hupata hatari. Nyuma ya kila jedwali kuna mkunga aliyeuliza na mama aliyejibu akiwa bado amechoka.

Tuseme ukweli pia juu ya yaliyobaki. Duniani kote wanawake ni takriban theluthi moja tu ya watafiti. Mwaka 2019 Lancet, jarida mashuhuri la tiba, lilitoa toleo zima juu ya wanawake katika sayansi na tiba, likakiri kwamba majarida yenyewe ni sehemu ya tatizo. Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, utaratibu ni huu. Mwalimu wa chuo hupanda cheo kwa makala zake. Makala hupelekwa kwa mhariri, naye huwapa wasomi wengine waihakiki. Majina ya waandishi hupangwa, na mara nyingi katika sayansi za afya la kwanza ni la aliyefanya kazi kubwa na la mwisho ni la kiongozi. Kwa hiyo kuna milango mingi midogo ambapo jina la mwanamke linaweza kudondoka: mhariri asipomwalika kuhakiki, mkuu wa mradi asipomhesabu miongoni mwa waandishi, au mwenyewe asipopata saa za kuandika.

Mlango huu wa mwisho uko majumbani mwetu. Makala haiandikwi wakati wa kukoroga uji. Mwalimu wa chuo mwanamume akirudi jioni, mara nyingi hukuta chai mezani na kufungua kompyuta. Mwenzake mwanamke hukuta watoto, mgonjwa wa ukoo na kikao cha harusi. Wote wawili wana digrii moja, na baada ya miaka 10 mmoja ana makala nyingi na mwingine ana sifa ya kuwa mama mwema. Sifa hiyo ni njema. Lakini haihesabiwi katika kamati ya kupandisha vyeo.

Kwa nini ni jambo la imani

Wengine watauliza: je, hili si jambo la vyuo tu, kanisa linahusikaje? Mimi naona linahusika kwa amri mbili tulizojifunza katika Katekisimo. Amri ya 7 inakataza kuiba, na kuchukua kazi ya mtu ukaifanya yako ni kuiba hata kama hukuvunja mlango. Amri ya 8 inakataza ushuhuda wa uongo, na kitabu kinachosimulia mlima kana kwamba nusu ya watu wake hawakuwahi kuwaza wala kubuni kitu ni ushuhuda wenye kasoro, hata kama kila sentensi iliyomo ni sahihi.

Kanisa lina mfano mzuri wa kufuata ndani ya ofisi zake lenyewe. Katika vitabu vyetu vya ubatizo huandikwa jina la mtoto, jina la baba na jina la mama. Hakuna anayeona kwamba jina la mama linajaza nafasi bure. Sasa linganisha na vijitabu tunavyochapisha kwa ajili ya jubilei za sharika zetu. Utakuta picha za wachungaji kwa mfuatano, majina ya wainjilisti, ya wazee wa kanisa na ya mafundi. Kisha sentensi moja: akina mama walibeba mawe, mchanga na maji. Mawe yale yalibebwa vichwani kutoka mtoni kupanda mlima, na waliobeba walikuwa na majina ambayo binti zao bado wanayajua.

Hapo ndipo sisi washarika tunaweza kuanza. Kamati ya historia ya usharika iwe na wanawake wanaoandika, si wanaopika chai ya kamati tu. Anayehojiwa aulizwe kama anataka jina lake litajwe, na akitaka, litajwe. Akimaliza kusimulia, asomewe alichoandikiwa, asahihishe. Binti anayesoma chuo akirudi likizo na kazi ya kuandika, apewe meza na saa zake kama kaka yake. Na wale miongoni mwetu walio walimu wa vyuo, wanapopanga majina ya waandishi, wakumbuke kwamba Paulo alimwachia nafasi hata Tertio.

Mwaka jana nilikwenda kwa shangazi yangu, wa mwisho aliyebaki wa watoto wa bibi, nikiwa na daftari. Nilimwomba anisimulie upya siku ile shemeji walipokuja kupima kihamba. Yeye alikuwa mtoto mdogo, lakini alikumbuka maneno ya mama yake, na methali yenyewe aliikumbuka. Nimeyaandika kwa Kichagga kwanza, kisha kwa Kiswahili, kurasa tisa. Jina la bibi la ubatizo na jina lake la nyumbani yako juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake jina la shangazi aliyesimulia. Nakala moja nimeipeleka ofisi ya usharika. Karani aliniuliza aiweke faili gani. Nikamwambia: ya historia.